Siku Walipoing'oa Ngazi ya Taulo

Taulo lililokaushwa kwenye bomba la moto lina harufu yake. Si harufu ya jua, wala si ya pasi. Ni harufu ya chuma na sabuni, na kitu kama uji unaoanza kushika chini ya sufuria. Sikuwa nimeinusa tangu utotoni mpaka masika haya, mwanangu wa mwisho aliponiletea kutoka Dar es Salaam chombo cha umeme cha kukaushia taulo, akakifunga bafuni kwangu hapa Ifakara. "Mama," alisema, "masika nyumba yako inanuka uvundo, wageni watakukimbia." Ana mdomo huyo, kaurithi kwangu. Lakini alisema kweli. Ninyi mnaoishi bondeni mnajua, mvua ikishika, taulo linaanikwa likiwa na unyevu na kuanuliwa likiwa bichi.

Juzi rangi ya ukuta wa bafu ilianza kuvimba, akaja kijana fundi kuking'oa kile chombo ili apige lipu upya. Mimi nilikuwa sebuleni nachambua mchele. Akapita mbele yangu amekibeba begani, anaelekea nje. Nikajikuta nimesimama, ungo umemwagika, mkono wangu umeziba mlango.

"Weka chini hapo hapo."

"Bibi, nakipeleka kibarazani tu nikakifute."

"Nimesema weka chini. Kifutie humu humu ndani."

Akaweka. Mwanangu akaja mbio akidhani kijana kavunja kitu. Walitazamana, kijana akaanza kukifutia hapo hapo, kwa sababu katika nyumba hii nikisema nimesema. Sikuwaeleza. Kuwaeleza watoto jambo hili ni safari, na wangecheka mahali ambapo sitaki wacheke. Ninyi wa rika langu nitawaeleza. Msitegemee maneno ya vitabuni. Shule niliishia darasa la tatu, na hii nyumba ya wageni, mashamba ya mpunga na mashine ya kukoboa nimevipata kwa mikono yangu na kwa kutokubali kudanganywa. Ninaandika kama ninavyosema.

Sisi kwetu ni Malinyi, watu wa maji na mpunga. Nikiwa bado nang'oka meno ya mbele, Mama alipata kazi ya udobi huko juu Uchindile, katika nyumba ya wageni ya watu wa shamba la miti. Baba alibaki bondeni kulinda mpunga usiliwe na ndege, akasema atapanda treni kutufuata baada ya mavuno. Mama alikuwa na mimba, lakini mimba yenyewe ilikuwa bado ndogo, na yeye hakuwa mtu wa kukataa kazi kwa sababu ya tumbo.

Baridi ya kule tulikuwa hatuijui. Mtoto wa bondeni anajua joto na mbu. Kule asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni ukasimama pale kama ng'ombe, na ukifungua mlango unaingia. Nilipoona mvuke unatoka mdomoni mwangu mara ya kwanza nilimkimbilia Mama kumwambia ninaungua kwa ndani. Akacheka mpaka akakaa chini.

Nyumba ile ya wageni ilikuwa ya mawe. Nyuma yake, nje, kulikuwa na pipa kubwa la chuma lililolazwa juu ya matofali, na chini ya pipa moto wa magogo. Maji yakichemka humo yanapita ndani ya ukuta kwa bomba mpaka bafuni. Na bafu la nyuma, lile lisilotumika sana, lilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona: mabomba yamelala moja juu ya jingine, yameshikwa pembeni na mabomba mawili yaliyosimama, yote yamefungwa ukutani. Maji ya moto yalizunguka humo. Wageni walitundika taulo zao hapo, wakitoka kuoga wanazikuta za moto. Mimi niliiita ngazi, maana ilikuwa ngazi kabisa, na siku ya kwanza niliipanda. Goti langu la kushoto lina alama mpaka leo. Basi na wakubwa nao wakaanza kuiita ngazi ya taulo.

Mdogo wangu alizaliwa kabla ya wakati wake. Sikuona chochote, nilipelekwa kwa mke wa mlinzi, nikarudishwa nikaambiwa kuna mtoto. Mkunga wa kijijini, mama mnene mwenye sauti ya kiume, alikuwa ananawa mikono. Nikamsikia anamwambia Mama, "Huyu hakumaliza kuiva. Usimpitishe kwenye baridi. Usimweke kwenye moshi, kifua chake hakitaweza. Asishikwe na mtu mwingine ila wewe. Joto, mwanangu, hana dawa nyingine zaidi ya joto."

"Nimpeleke bondeni hospitali?" Mama aliuliza.

"Umbebe kwenye ukungu huu mpaka stesheni, ungoje treni inayokuja ikipenda? Utafika na kanga tupu."

Neno hilo, kanga tupu, nililishika. Sikulielewa, nikalishika hivyo hivyo.

Chumba chetu cha uani kilikuwa cha mabanzi na kilivujisha upepo. Jikoni kulikuwa na moshi. Msimamizi wa nyumba ile, Mzee Kasiani, mtu wa huko huko juu, mkavu, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata kanisani, alikuja akasimama mlangoni akamtazama Mama aliyemfunika mtoto ndani ya sweta. Alikuwa mtu wa masharti, lakini hakuwa na roho mbaya. Alisema, "Hamieni bafu la nyuma, lile lenye ngazi. Lakini mkubwa wa shamba akija na wageni wake, mtatoka. Sitaki kueleza mtu kwa nini dobi kazalia bafuni."

"Sikuzalia bafuni, Mzee."

"Najua. Mkubwa hatajua."

Tukahamia. Mama alitandika godoro sakafuni, akakaa ameegemea ukuta, mtoto kifuani ndani ya sweta, ngozi kwa ngozi. Mimi nilipewa kazi. Kanga mbili kuukuu na taulo moja lililochakaa zilitundikwa kwenye ngazi. Nikiona moja imeshika moto naishusha, naiweka shavuni kwangu kwanza, isiunguze, kisha namkabidhi Mama. Yeye anaiingiza ndani ya sweta na kunitolea iliyopoa, naitundika, nashika nyingine. Sikuchoka. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii vile, na mimi nimefanya kazi. Mtoto mwenyewe nilikuwa sijamgusa. Nilichokiona ni utosi tu, una vinyweleo, unapigapiga kama koo la chura.

Sasa nieleze jambo la kwetu, ambalo vijana wa leo wenye majiko ya gesi hawalijui. Kwetu, nyumba ikiwa na kichanga, moto wake hautoki. Haukopeshwi. Kule Malinyi, shangazi yangu alipojifungua, jirani alikuja asubuhi na kigae chake kuomba kaa la moto kama siku zote. Bibi akamzuia mlangoni, bila ukali, akamwambia tu, "Humu kuna mgeni hajatoka nje." Jirani akaelewa, akaenda kuomba kwingine. Nikamuuliza Bibi, je, angempa? Bibi akanijibu huku anachochea, "Joto la mtoto lingemfuata yule mama na kigae chake."

Mimi nikalipokea kama lilivyo. Na kule bafuni Uchindile, pasipo na mafiga wala jiko, hesabu yangu ilikuwa rahisi: moto wa mtoto huyu ni ngazi. Ngazi ikiwa ya moto, yeye yupo. Nilikuwa naigusa nikiamka, kabla sijamtazama Mama.

Halafu ngazi ikaanza kuvuja.

Ilianza pale bomba la chini linapoungana na ukuta. Tone moja, la rangi ya chai. Niliweka kikombe. Kikombe kikajaa, nikaweka beseni. Sikumwambia mtu, nilidhani nikikinga kila tone nalirudisha kwa namna fulani. Lakini maji yalipita nyuma, ukuta ukalowa, na bolti moja ya juu ikaanza kucheza kwenye tundu lake. Ukiishika ngazi inatikisika yote kama jino. Mzee Kasiani aliingia kumletea Mama uji, akakanyaga maji.

"Hii itaanguka," alisema. "Itamwangukia mtoto wako kichwani, mama, na hapo mtaniita mimi mchawi. Ng'oa, funga upya. Nitamwita fundi kutoka Chita."

"Itachukua muda gani?" Mama aliuliza.

"Fundi anajua. Tena mkubwa yuko njiani wiki hii, bora iwe sasa."

Mama akasema sawa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha. Nikamtazama nione kama amesikia kilichosemwa. Wanaing'oa ngazi, na yeye anakunywa uji.

Fundi alishuka kwenye treni asubuhi yenye ukungu mzito. Jina lake Ditriki, Mndamba wa Chita, mfupi, ana mkoba wa turubai unaolia kila anapotembea. Nilimwamkia, "Shikamoo," huku nimesimama kati yake na mlango wa bafu.

"Marahaba, bibi mlinzi. Naruhusiwa kupita?"

"Polo, mpishe," Mama alisema.

Polo ndiye mimi, Apolonia. Nikampisha.

Mama alihamia chumba cha pasi, kilichopakana na bafu. Ukitoka bafuni unapita chumba cha pasi ndipo ufike mlango wa uani. Hakukuwa na njia nyingine. Mama alijaza chupa mbili maji ya moto, akazivika soksi za Baba, akaziweka kila upande wa mbavu zake, akakaa kwenye kiti na mtoto ndani ya sweta. "Tayari," alisema. Mimi niliziangalia zile chupa kwa dharau. Chupa si moto, ni maji yanayongoja kupoa.

Cha kwanza, Fundi Ditriki alimwambia Mzee Kasiani auzime moto wa pipa, maana huwezi kufunga koki huku maji yanachemka, pipa litapasuka. Mimi nilikuwa dirishani. Nikamwona Mzee Kasiani anayatoa magogo moja moja na kuyasukuma pembeni. Na hapo, kwa kuwa makaa mazuri yalikuwa yamelala tu pale, akaja mke wa mlinzi na kigae. Mwanamke wa watu, kuni zake zilikuwa mbichi kwa ukungu. Sikusikia alichosema. Nilimwona Mzee Kasiani anachota makaa kwa koleo na kumjazia kigae chote, kisha anamwaga ndoo ya maji juu ya yaliyobaki. Moshi mweupe ukapanda. Mke wa mlinzi akaondoka anapuliza makaa yake, ananyata asianguke.

Niligonga kioo. Nikaita. Mabonge ya ukungu na vioo vile vinene, hakuna aliyegeuka.

Nikamrudia Mama. "Mama, wametoa moto."

"Wamezima, ndiyo. Watawasha."

"Hawajazima tu. Wametoa. Mama mlinzi kaondoka nao."

"Sawa, baba, kaa chini," alisema, na akafumba macho. Mama akichoka aliniita baba. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nikasogea nione utosi, na sweta lilikuwa limefungwa mpaka juu. Sikuona kitu. Nilisimama pale nikajaribu kuona kama sweta linapanda na kushuka, na lilikuwa linapanda na kushuka, lakini huyo ni Mama anayepumua. Nitajuaje pumzi ya yupi? Wenzangu, nimeuguza wazazi, nimezika mume, nimengoja habari za mtoto aliyepotea kwenye mafuriko akapatikana juu ya mti. Sijawahi kungoja kama nilivyongoja mbele ya sweta lile.

Bafuni, Fundi Ditriki alifungua nati ya chini. Maji meusi yakamwagika kwenye beseni, mazito, yana vipande. Nilidhani maji ya ngazi ni kama ya bombani, meupe. Yalipotoka vile nikajua ndani mlikuwa na kitu kilichokufa. Akafungua bolti za juu, moja ikatoka na udongo wake. Akaibeba ngazi begani, bado inachuruzika, akaja nayo chumba cha pasi, anaelekea uani.

Nikakaa mlangoni. Nilikaa chini kabisa, mgongo kwenye fremu hii, miguu nimeisukumia kwenye fremu ile.

"Bibi mlinzi, nitakukanyaga."

"Haitoki."

"Nini haitoki?"

"Ngazi."

"Naenda kuipiga brashi ya waya, niitoe kutu. Nikiipiga humu mama yako atakula kutu na mtoto."

"Haitoki," nilisema. "Humu kuna mgeni hajatoka nje."

Mzee Kasiani, aliyekuwa amesimama uani nyuma yangu, akacheka. "Haya, tumepata paroko. Mwondoe huyo mtoto, Ditriki, ukungu unaingia."

Lakini Fundi Ditriki hakucheka. Alisimama na ile ngazi begani, tone la maji meusi linamdondokea kwenye kola. Aliniuliza taratibu, "Nani kakufundisha hilo?"

"Bibi."

"Bibi wa wapi?"

"Malinyi."

"Na unasema huu ndio moto wake?"

"Hatuna mafiga," nilisema. "Ni hii."

Akageuka akamtazama Mama. Mama alikuwa amefumbua macho. Nilitegemea atanigombeza. Hakunigombeza, alikuwa ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza naingia chumbani. Fundi Ditriki akaiteremsha ngazi begani, akailaza sakafuni kando ya meza ya pasi.

"Ditriki, unafanya nini?" Mzee Kasiani alisema. "Hilo ni bomba. Limepoa. Lishike uone, baridi kama chura."

"Naona, Mzee."

"Kutu yote hiyo ndani ya chumba cha pasi? Mashuka ya mkubwa yamo humo. Ninyi watu wa mpunga mna mambo."

"Mashuka yafunike. Mzee, mimi nikitoka na kitu hiki nje, halafu hapa litokee la kutokea, Mungu apishe mbali, nitarudi Chita nikamwambie nini mama yangu? Kwamba niliambiwa, tena na mtoto, nikapita?"

"Kwamba uliambiwa na mtoto, ndiyo. Ndiyo hoja yangu."

"Basi mimi sitoki nayo. Itoe wewe."

Mzee Kasiani alivua kofia yake. Sikuwahi kumwona bila kofia, alikuwa na kipara. Akaitazama ngazi, akanitazama mimi, akavaa kofia yake. Hakuibeba. Aliingia akayachukua mashuka ya mkubwa, akayahamishia kabatini, analalamika kwa lugha ya kwao.

Fundi Ditriki alilowesha gunia akalitandika chini ili kutu isipeperuke, akasugua taratibu, akisimama kila mara kumuuliza Mama, "Dada, vumbi linawafikia?" Mama anasema hapana. Alisafisha nyuzi za bomba, zile za kukazia nati, akaziviringishia katani aliyoitafuna kidogo ilainike, akapaka rangi juu yake. Alichonga vigingi vya mti akavigongomea kwenye matundu ya ukuta. Mimi sikuondoka mlangoni. Sakafu ya mle ilikuwa saruji, imelowa, na nilikuwa peku. Sikusikia baridi. Nilikuwa nahesabu jambo jingine, kwamba ngazi haijatoka, sawa, lakini makaa yametoka. Nilimwambia fundi.

"Makaa gani tena?"

Nikamwambia ya mke wa mlinzi, na kigae, na Mzee Kasiani alivyomjazia.

Akaacha kusugua. "Loo," alisema. Akafikiri. Mzee Kasiani alikuwa tayari amepanga kuni kavu chini ya pipa, kibiriti mkononi, anangoja kuambiwa koki iko tayari. Fundi akamtolea sauti dirishani.

"Mzee, usiwashe na kibiriti."

"Niwashe na nini, na sala?"

"Ngoja."

Akafuta mikono, akaniruka mlangoni, akapotelea kwenye ukungu. Nilimwona anarudi na kigae cha mke wa mlinzi, makaa mekundu, anapuliza, na mke wa mlinzi nyuma yake amejifunga kanga kichwani anasema, "Ningejua, jamani, ningejua mzazi yumo humo kwa ndani, mimi ningechukua? Nani aliniambia?" Fundi akayamimina makaa chini ya pipa, akapiga magoti kwenye tope akayapuliza mpaka kuni zikashika. Mzee Kasiani alikuwa amesimama pembeni na kibiriti chake, anatikisa kichwa. Lakini niliona, na nitamsemea kwa hili kwa kuwa hayupo tena kujisemea, aliinama akasogeza gogo moja kwa mguu ili moto upate hewa.

Ngazi ikarudishwa ukutani. Bolti zikaingia kwenye vigingi, nati zikakazwa, koki ikafunguliwa. Tukangoja. Mimi nilikuwa nimeshaingia bafuni, nimeweka kiganja kwenye bomba la chini kabisa. Liliendelea kuwa baridi. Halafu likawa si baridi sana. Halafu likawa la moto. Nikapanda la pili, la tatu, nalo likapata moto. Mabomba ya juu hayakupata. Yalibaki vile vile, baridi kama mawe ya mtoni, na ya chini yalikuwa yameshaanza kuunguza.

"Haipandi," nilisema. Sauti yangu haikutoka vizuri. Nikamwambia tena. "Fundi, haipandi."

"Hewa imekaa juu, maji hayapiti. Lete kitambaa."

Kulikuwa na skrubu ndogo kwenye pembe ya juu ya ngazi. Aliilegeza. Ikatoa sauti ya nyoka, ikatema, ikanyamaza, ikatema tena maji ya rangi ya chai usoni pake. Hakujifuta. Akaikaza. "Shika sasa," alisema, akaninyanyua kwapani kwa sababu sikufika. Nikaweka kiganja kwenye bomba la juu kabisa. Nililisikia joto linakuja, sijui niseme vipi, kama mtu anayekuja kwa kutembea. Likafika. Nikaondoa mkono, umeungua.

Nilitundika kanga. Sikungoja ishike sana. Nikaiweka shavuni, nikakimbia nayo chumba cha pasi, nikamnyooshea Mama mikono miwili. Mama akaipokea. Hakuiingiza ndani ya sweta. Aliikunjua yote, akanivuta kwa mkono wake mmoja, akanifunika nayo mimi kuanzia kichwani, akanikaza.

"Si yangu," nilisema. "Mpe yeye."

"Wewe unatetemeka."

"Mpe yeye, Mama."

"Hebu tazama miguu yako, Polo."

Niliitazama. Ilikuwa ya bluu, na magoti yalikuwa yanagongana. Kumbe ndiyo sababu sauti ilikuwa haitoki. Lakini sikutaka kusikia habari za miguu. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba Mama ameona hakuna haja tena, kwamba kanga ya kumpa yeye haina kazi. Lile neno la mkunga, kanga tupu, lilinirudia. Basi nikafanya nililokatazwa. Nilichomeka mkono wangu ndani ya sweta kwa juu, upesi, kabla Mama hajanizuia, nikaweka kiganja kwenye mgongo wa mtoto.

Alikuwa wa moto. Alikuwa na jasho. Alikuwa wa moto kama andazi lililotolewa sasa hivi kwenye mafuta, ameloana na kifua cha Mama, na ilionekana hakuwahi kuwa vinginevyo siku nzima. Kitu cha baridi mle ndani kilikuwa ni mkono wangu. Alishtuka mwili mzima, akajikunja, akafungua mdomo.

"Umeona sasa?" Mama alisema, anacheka na machozi yanamtoka. "Siku nzima kalala salama. Kaja mlinzi wake kumtia barafu."

Mtoto alipiga kelele mpaka Fundi Ditriki akatokeza kichwa mlangoni, uso mweusi kwa kutu. Utosi ulikuwa umekuwa mwekundu. Alinitazama, au nilidhani ananitazama, hana jino hata moja, ananigombeza kwa nguvu zake zote. Nikamwacha anigombeze. Hajaacha mpaka leo.